Daftari la Vipimo

Nyumba ya tatu kutoka kona, Kanyenye,
barazani, cherehani ya miguu inakohoa.
Nipo hapa tangu mwaka ule mvua ilipokata reli
treni ikalala Tabora siku tisa.
Abiria mmoja alichanika suruali, nikamshonea,
akanilipa migebuka miwili mikavu ya Kigoma.
Ndivyo kazi ilivyoanza.

Wengine huujua mtaa kwa misikiti, kwa mashine za kusaga.
Mimi naujua kwa vitambaa.
Bluu ni Kisimani, ya serikali,
darasa moja watoto tisini, dawati moja matako manane.
Damu ya mzee ni kwa Masista:
marinda kumi na sita, yasizidi, yasipungue,
Sista Bernadeta huyahesabu kwa ncha ya kalamu.
Rangi ya ugoro ni ile mpya yenye basi la njano,
watoto wake hutamka "cherehani"
kama imewaunguza ulimi.
Na kanzu nyeupe za Maalimu Feruzi, jioni,
juzuu zimekumbatiwa kifuani,
ni wale wale wa asubuhi, wamebadili ngozi tu.

Januari nadaiwa mpaka na paka.
Wanakuja na nusu ya pesa na mtoto mzima.
"Mshonee kubwa, Mama Nyanzala, akulie humo humo."
Basi nakunja pindo la vidole vinne,
nalificha kama mahindi ya darini,
kila mwaka nafumua kidole kimoja.
Mihayo, mtoto wa muuza asali, nilimfumua mara zote nne;
kaptula yake ikabaki na mistari ya bluu isiyopauka,
na ukiisoma vizuri unauona mwaka wa njaa:
pale mistari miwili ilipokaribiana.

Mimi niliishia darasa la nne.
Husema kugawanya kulinishinda.
Kweli ni kwamba baba alisema tumbaku haijichumi.
Lakini kuandika naandika: jina, kiuno, urefu, darasa, deni.
Madaftari kumi na moja, kwenye kopo la biskuti,
na majani ya mwarobaini juu yake.

Juzi akaja Mwalimu Kasele, mkuu wa Kisimani,
jasho hadi kwenye soksi.
Mchwa wamekula rejista, kabati zima,
wameacha majalada tu, yamesimama
kama watu wenye heshima zao.
Nyuma yake mwanamke mrefu, mkoba kwapani.
"Anaitwa Kalunde Misigalo. Amepata kazi,
wanataka barua kwamba alisoma kwetu. Nitashuhudia kwa lipi?"

Nikavaa miwani. Kopo likalia.
Daftari la tano, kidole kikashuka, kikashuka,
kikasimama.
*Kalunde M. Kiuno ishirini na moja. Urefu kumi na saba.
Bluu. La tatu. Anadaiwa mia mbili.*

Mwalimu akanakili mbio mbio
kama mwanafunzi aliyechelewa imla.
Kalunde akafungua mkoba, akanyoosha noti ya elfu mbili.
Nikairudisha.
Nikamfunulia ukurasa mwingine, na mwingine:
wino mweusi umepita juu ya majina, mistari mizito.
"Hawa wote walilipa," nikasema.
"Nikawakata. Hata mimi siwasomi tena.
Wewe mama yako alikuwa mgumu. Mshukuru."
Akacheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi,
halafu hakuwa anacheka.

Wameondoka. Nimepanga madaftari
la kwanza hadi la kumi na moja,
nikatafuta jina moja nililojua halimo.
Nyanzala wangu sikumpima kamwe,
nilimshonea kwa macho, vipande vilivyobaki,
bluu mbele, damu ya mzee kwenye mfuko.
Yuko Kahama sasa, namsikia kwenye simu.
Sijui kiuno chake.

Kuna mtoto wa basi la njano amesimama hapa,
kifungo mkononi,
hajui aanze kwa salamu ipi.